Vyura Waliongojea Neno la Juu

Sitwayeni Lukonge (yaani Mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana), katibu wa chama wa mtaa, aliyeitwa Zéphirin mpaka siku majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku Zaire, alikitaka kile chumba cha nyuma ya shule. Alitaka kuweka ngoma na vitenge vya wachezaji wa chama, vitu ambavyo, kama mnavyojua, hufundisha watoto kuliko sayansi.

Halima, mfagiaji wa shule, ndiye aliyewalisha vyura wa chumba hicho kumbikumbi. Bila chumba, mwaka mzima wa kazi ya Mwalimu Onema wa sayansi, aliyechunguza jinsi mkono wa chura uliokatwa unavyoota tena, ungemwagwa mtoni.

Katika beseni la buluu walikuwamo vyura kumi na wawili waliokatwa mkono mmoja mmoja. Katika beseni la kijani, kumi na wawili wengine, nao wamekatwa mkono, ila hao Mwalimu aliwakata na mshipa wa fahamu begani. Kila juma la pili aliukata tena, maana mshipa ule ni mkaidi, hurudi.

"Nawapa miezi miwili," akasema Lukonge. "Mikono yote ishirini na ine iote, ama chumba ni cha ngoma. Chama hakipendi nusu."

"Ya beseni la kijani haitaota," akasema Mwalimu.

"Basi wachanganye. Wavivu watajifunza kwa wenye kutumika."

Wakachanganywa, naye Mwalimu akaendelea kuwakata mshipa wale wa kijani, akiwatambua kwa kovu la begani. Akili kubwa hiyo.

Miezi miwili ilipotimia, kumi na wawili walikuwa wametoa kijiti cha nyama, laini kama kidole kisicho na ukucha. Kumi na wawili walikuwa na kigutu tu, kimefunga ngozi. Hakuna hata mmoja aliyejifunza kwa jirani yake.

Lukonge akanuna. "Hawa ni wapinzani?"

"Hapana, Sitwayeni," akasema Halima polepole. "Kwao neno la juu halijafika. Njo maana chembe za mwili hazijigawe. Ziko tu, zinangojea."

"Zinangojea amri ya kichwa?"

"Si amri," Mwalimu akaanza, "mshipa hutoa kitu kama chakula cha chembe..."

Halima akamkanyaga mguu. "Ya kichwa, Sitwayeni."

Lukonge akaandika ripoti ya kurasa tatu. Chumba kikabaki cha vyura, na mlangoni akachoresha kwa rangi ya kijani: BILA KICHWA HAKUNA KINACHOOTA.

Majuma machache baada ya Mwalimu kuacha kukata mishipa, Halima akagusa kigutu cha chura mmoja kwa njiti ya ufagio. Chura akakivuta. Mshipa ulikuwa umerudi, wala haukumwomba Sitwayeni ruhusa. Halima akamtupia kumbikumbi wawili, akafunga mlango taratibu, ile rangi isije ikachubuka.