Mbuzi Aliyesingiziwa Maua

Huku Runzewe, ukisikia mtu anasema ameacha dhahabu, usimbishie. Mpe muda tu. Bujiku aliiacha mwaka ule duara lake, yaani shimo la machimbo, lilipoporomoka, bahati nzuri likiwa halina mtu ndani. Akamshukuru Mungu, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akaanza kuhudhuria jumuiya ya kanisa pamoja na mkewe. Watu wakamsifu kwamba ametulia. Sifa hizo alizipenda mno, na mtu anayependa sifa kiasi hicho ni wa kuogopwa kidogo.

Mkewe, Philomena, hakuwa na habari na sifa. Yeye alikuwa na maua yake. Si mawaridi wala zile asumini za kila nyumba. Yalikuwa mayungiyungi meupe, yale ambayo wapambaji wa kumbi huyaita kala: ua zima ni jani moja jeupe lililojikunja kama karatasi ya kufungia karanga, na katikati yake kumesimama kidole cha njano. Viazi vya mbegu alipewa na sista mmoja wa Biharamulo, ambaye hakumficha kitu. Alimwambia, "Mama Rhoda, ua hili linapenda tope. Huko kwenu kiangazi kitakushinda."

Hakikumshinda. Aliyapanda nyuma ya bafu la nje, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Kila asubuhi aliyamwagia maji aliyooshea mchele na mboga. Aliyawekea samadi ya zamani, ile iliyokwisha kuacha kunuka, akayatandikia majani makavu ya migomba ili ardhi isikauke. Ua likikomaa hakulikata kwa kisu, maana kisiki kinachobaki huoza na uozo ukashuka kwenye kiazi. Alishika bua chini kabisa, akalizungusha kidogo, akalivuta, likatoka lenyewe. Kisha alinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu utomvu wake unawasha kuliko wa magimbi.

Mwaka huu maua yale yalikuwa na kazi. Rhoda, binti yao wa pekee, alikuwa amechumbiwa na Edward, kijana wa Mwadui, na sendofu, sherehe ya kumuaga, ilikuwa Jumamosi. Philomena alikuwa ameshatangaza kwenye kamati, mbele ya kila mtu, kwamba kwake hakiingii kitu cha plastiki. Rhoda angempa mama mkwe na kila shangazi wa Edward ua bichi mkononi, lililooteshwa na mama yake. Machipukizi yalikuwa yamesimama yote, meupe yakianza kuchungulia. Kila asubuhi aliyakagua, na kila asubuhi alirudi jikoni akiimba.

Siku ya Alhamisi Philomena na Rhoda walikwenda Ushirombo kwa fundi, gauni likajaribiwe mara ya mwisho. Bujiku akabaki nyumbani kusubiri turubai na viti. Badala ya viti akaja Marselino.

Marselino ni mtu wa Kigoma ambaye alishika naye duara miaka ile, na yeye hajawahi kudanganya kwamba ameacha. Alikuwa anatoka porini, begani amebeba detekta, ile mashine yenye sahani chini na vipokea sauti vya kuvaa masikioni, inayolia ikinusa madini ardhini. Aliomba maji ya kunywa. Akaomba na ya kunawa, akaenda nyuma ya bafu. Huko akasimama.

"Bujiku! Hebu njoo. Hii nini?"

"Maua ya shemeji yako hayo."

"Naona ni maua. Nauliza, Runzewe nzima imekauka, hata mbigili zimekauka, hapa pabichi hivi kwa nini? Wewe bado ni mchimbaji au umeshakuwa mama wa kwaya?"

Wachimbaji wana imani yao kwamba penye ubichi usio na sababu, chini pana jambo. Sababu ya ubichi huu ilikuwapo, inapita kila asubuhi na ndoo mkononi. Lakini Bujiku alikuwa amekula wali wa nyumba ile miaka yote bila kujiuliza hata mara moja maji ya kuoshea mchele yanakwenda wapi.

Marselino akapitisha sahani ya mashine juu ya majani. Ikalia. Akairudisha, ikalia tena, kali, mfululizo. Akavua vipokea sauti akamvika mwenzake.

Bujiku alisikiliza. Akamwona Rhoda akienda Mwadui na lori zima la zawadi. Akajiona na yeye, si muuza spoki na mafuta ya breki tena, bali Bujiku yule wa zamani, ambaye akiingia mahali watu husogea apite. Hata hakumbuki ni nani aliyetamka neno la kuchimba.

"Tunachimba pembeni tu," alisema. "Kidogo tu."

Pembeni mashine ilikuwa kimya. Ilikuwa inalia katikati.

Jembe likaanza kwa adabu, likamaliza bila adabu. Mabua yalivunjika na kutoa utomvu, Bujiku akayakumbatia kwa mikono miwili akayatupa kando, viazi vikaruka huku na huku. Jasho likamtoka, na aibu ya kusema ni kwamba alikuwa na furaha. Ndipo jembe likagonga chuma.

Lilikuwa karai. Karai la kuoshea mchanga wa dhahabu, limelala likiwa limejaa tope zuri jeusi. Kando yake lingine, na lingine, na lingine, yamepangwa kama sahani mezani. Bujiku akapangusa ukingo wa la kwanza. Kulikuwa na alama yake aliyoitoboa kwa msumari: herufi ya B.

Hapo akakumbuka yote. Siku aliyoapa kuacha dhahabu, alimkabidhi Philomena makarai yake mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, akasema, "Chukua, mimi sina kazi nayo tena." Na Philomena alimweleza baadaye ameyafanyia nini: ameyazika chini ya maua ili maji yasinywewe na ardhi, mizizi ikae topeni kama inavyopenda. Alimweleza mezani. Yeye alikuwa anasikiliza mpira redioni, akajibu, "Vizuri, mama."

Marselino alianza kucheka. Alipoona uso wa mwenzake akaacha. Akakunja mashine yake, akasema ana mtu anamsubiri Masumbwe, akaondoka bila kumaliza maji.

Bujiku akarudisha udongo. Akajaribu kuyasimamisha maua, akayashindilia kwa miguu, yakaanguka. Akayafunga na kamba ukutani, yakalala kwenye kamba. Mikono ilikuwa imeanza kumwasha, mpaka kwenye viwiko, mpaka shingoni. Alikuwa anajikuna pale pale Philomena na Rhoda walipoingia, na nyuma yao Sesilia, dada yake Bujiku, aliyekuja kusaidia mapishi.

Philomena alisimama mbele ya kitalu chake. Rhoda ndiye aliyelia, "Baba, nani kafanya hivi?"

Na mtu mzima yule, baba wa bibi harusi, akajibu, "Mbuzi. Mbuzi wa Mageni."

Mageni ni jirani wa ng'ambo ya njia, mzee aliyefiwa na mke akabaki na mbuzi wake wachache, ambao kweli huwa hawana adabu. Wameshakula kanga ya Philomena kwenye kamba. Wameshakula hata ubao wa tangazo la mkutano. Kwa hiyo uongo ulikaa vizuri, haukuhitaji hata kushikiliwa.

Lakini Philomena alijua jambo ambalo Bujiku hakulijua. Mbuzi wa Mageni walishalionja jani lile mwaka wa kwanza, wakatoka mbio wakipiga chafya na kutokwa na mate, na tangu hapo hawakulisogelea. Akaitazama mikono ya mumewe, imevimba na kuchorwa mistari myekundu. Akafungua kinywa aseme.

Alichelewa. Sesilia alikuwa ameshavuka njia, kanga kiunoni, na sauti yake inasikika mpaka stendi. "Mageni! Wewe Mageni! Mtoto wa watu anaagwa keshokutwa, wewe umekaa! Mbuzi wako wametutia aibu mbele ya wakwe!" Majirani wakatoka. Wakaona kitalu. Wakatikisa vichwa.

Baadaye Philomena alimkuta mumewe chumbani akijipaka mafuta.

"Baba Rhoda, utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia. Sherehe ipite kwanza. Wakwe wasije wakanikuta hivi."

"Hivi vipi?"

Akazidi kujipaka mafuta. Philomena akamwachia chumba.

Ijumaa kamati ilikuwa imejaa uani, inagawana kazi, Mageni alipoingia. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Kichwani alibeba beseni lililofunikwa jani la mgomba. Akalitua mbele ya Bujiku, akakunja mikono kifuani.

"Nkoi," alisema, kwa neno lile la Kisukuma ambalo rafiki humwitia rafiki, "nimekosa. Mimi mwenyewe sikuwaona wakiingia, lakini nimesikia. Nimemchinja beberu. Ndiye anayewaongoza wale wengine, asingevuka yeye wasingevuka. Mpikie wageni. Najua si maua, lakini sina kingine."

Watu wakasema, "Ametenda kiungwana." Bujiku alikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha. Lakini watu walikuwa wengi, na mwenyekiti wa jumuiya alikuwa pale pale, na yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa imefichwa mifukoni.

"Yamekwisha, Mageni," alisema. "Karibu chai."

Karibu chai! Mageni akainama kushukuru. "Wabeja sana, nkoi."

Jumamosi wakwe wakaja kutoka Mwadui, wamependeza, na mezani kukawa na maua ya plastiki yaliyoletwa haraka kutoka Kahama. Rhoda akamtunza mama mkwe ua la plastiki. Mama mkwe kwa mazoea akalinusa, kisha akacheka kidogo kwa heshima ili asimuumize mtu. Philomena alitazama chini. Bujiku aliona yote mawili, na kati ya hayo hakujua lipi lilimchoma zaidi.

Kumbe bado. Mshereheshaji alikuwa ameshapewa habari, na mshereheshaji akipata cha kuchekesha haachi. "Ndugu wakwe, msishangae plastiki! Maua tulikuwa nayo, ila kuna waalikwa waliwahi. Mzee Mageni, simama tukuone! Baba wa mbuzi huyo! Mbuzi wake wana hamu na harusi kuliko sisi!" Turubai zima likaangua kicheko. Mageni akasimama, akacheka na yeye, lakini vidole vyake vilikuwa vinavuta ukingo wa shati. Hakujua aketi au aendelee kusimama.

Bujiku hakuvumilia. Akainuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mkae kimya," alisema. "Mbuzi hawakula maua. Mageni hana kosa. Niliyang'oa mimi kwa jembe. Nilidhani chini kuna dhahabu."

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na turubai likafuata. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baba wa Edward akainuka akamshika bega. "Tumepata mkwe muungwana! Anabeba kosa la jirani yake mbele ya wageni!"

"Ni kweli nasema," Bujiku alisisitiza. "Niliyang'oa mimi."

Kadiri alivyosisitiza ndivyo walivyozidi kumpigia vigelegele. Sesilia alilia kwa fahari ya kuwa na kaka kama huyo. Mageni akapita katikati ya viti, akamshika Bujiku mikono yote miwili, ile ile iliyokuwa inawasha. Akasema, "Umenisitiri, nkoi. Mungu akusitiri na wewe."

Bujiku akamtafuta mkewe kwa macho. Philomena angeweza kusimama akasema neno moja, likaaminika. Hakusimama. Bujiku aliporudi kuketi kando yake, Philomena alimwambia taratibu, huku akitabasamu kwa ajili ya wakwe, "Kesho uende kwake. Bila kipaza sauti."

Jumapili baada ya misa alikwenda. Mageni alimpokea kwa furaha iliyomtia uchungu, akamtolea kigoda, akataka kumchemshia uji. Bujiku alikataa kuketi. Akasema yote akiwa amesimama: mashine, jembe, makarai, uongo. Mageni alikuwa anatabasamu, akisubiri mahali pa kucheka.

"Usinitanie, nkoi. Jana ilitosha."

Bujiku akakunja mikono ya shati, akamwonyesha. Vidonda vya utomvu vilikuwa vimeanza kubanduka ngozi. Mageni aliviangalia muda mrefu, kwanza mkono mmoja, halafu wa pili. Tabasamu likamtoka polepole. Hakukasirika, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Aliangalia tu kwenye zizi lake dogo, ambako mbuzi waliobaki walikuwa wanazunguka bila kujua wamfuate nani.

"Sasa yule beberu," aliuliza, "nilimchinja kwa kosa gani?"

Bujiku akashusha mikono ya shati. Jana yake, sahani ya kwanza ya beberu yule alipewa yeye, kama baba mwenye shughuli, na aliila yote, akamsifu mpishi.