Matundu Matano Mekundu

Waheshimiwa wasomaji, simameni. Mimi, Gisa, mwanafunzi wa mwaka wa tano, natangaza rasmi kwamba nimeshuhudia tukio kubwa kuliko yote katika historia ya sayansi hapa Kamembe.

Basi, kaeni. Kilikuwa kipande cha silikoni, kidogo kuliko sabuni ya bweni, na siku yenyewe hakikufanya kazi.

Kilikuwa cha Josiane. Aliomba silikoni kwa mafundi wa madirisha, akaimimina juu ya nyuzi za kuvulia sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ilipokauka akazivuta uzi mmoja mmoja. Zikaacha ndani vijia vyembamba kama unywele. Upande mmoja midomo miwili, upande wa pili matundu matano. Kwa bomba la sindano alisukuma vitone vya maji ya ndimu kwenye mdomo wa kushoto, na vya maji ya magadi kwenye wa kulia. Ndani vilikutana, vikagawanyika, vikakutana tena, hata tundu la kwanza likapata ndimu tupu, la mwisho magadi tupu, na ya katikati kila moja mchanganyiko wake. Kisha akatia kwenye kila tundu tone la maji ya kabichi ya zambarau, ambayo ndimu huyafanya mekundu na magadi huyafanya kijani. Jumatatu, alipojaribu, niliona safu yake: nyekundu, waridi, zambarau, buluu, kijani. Hata mimi nilikosa mzaha.

Mshindi wa mashindano ya sayansi angesomeshwa mpaka amalize sekondari. Asiposhinda, papa yake, Mukengere, alishasema: Josiane arudi Bukavu akauze vitenge na mama yake.

Nililijua hilo. Niliposhika chupa yake ya magadi asubuhi ya mashindano, wenzangu wakiwa misani, nililijua.

Mpango wangu ulikuwa wa kistaarabu kabisa. Ndani ya chupa yake niweke maji ya ndimu, ambayo kwa macho ni yale yale. Afanye jaribio la mwisho kabla jaji hajafika, apate matundu matano mekundu, apige kelele. Mimi niiname kama mhudumu wa hoteli, nitoe mfukoni chupa ndogo yenye magadi yake. Angecheka. Josiane akicheka hufunika pua, na mimi nilikuwa tayari kufanya upuuzi wowote ili aifunike.

Lakini jaji alifika mapema, akaanzia meza ya Josiane.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

"Ndiyo hayo tu?" jaji akauliza.

Josiane alisukuma tena. Nyekundu. Mwalimu Munyemana akanitazama mimi na wenzangu kwa jicho la kutafuta mtu wa kufukuza. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, inavuja, nami nikaifunika kwa kiganja. Jaji akaenda meza ya pili.

Nyuma kabisa, Maman Véronique, aliyefunga meza yake ya vitenge na kuvuka daraja la mpakani kutoka Bukavu ili amuone mtoto wake, alipiga makofi. Peke yake. Alidhani nyekundu ndiyo iliyotakiwa.

Baadaye nilimkuta Josiane nyuma ya maabara, vidole vimejaa kabichi.

"Usinichekeshe leo, Gisa."

"Sijasema kitu."

"Ni mimi tu. Nilichanganya chupa. Papa alisema batoto ba watu bengine ndio ba masomo, mi niache." Akavuta makamasi. "Umuambie Maman anisubiri kwenye geti. Sitaki anione hivi."

Nikatoa leso yangu mfukoni, nikampa. Akafuta vidole.

Zambarau ya kabichi ikageuka kijani mbele ya macho yetu. Ikaenea polepole kwenye kitambaa, kijani kibichi, rangi ileile ya tundu la tano.

Aliitazama. Akainusa. Akatazama mfuko wangu uliolowa.

"Gisa, leso yako ina magadi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitoa chupa, nikaiweka mkononi mwake. Ilikuwa imebaki nusu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka ucheke. Na jaji alipokuwa pale, nilinyamaza."

Hakufunika pua. Nikaenda kumtafuta Mwalimu Munyemana, ili nirudie maneno hayohayo.