Cherehani Ikinyamaza

Mdogo wetu wa mwisho tulimwita Kitinda. Alizaliwa miaka ile sheria iliporuhusu watoto wawili tu kwa kila nyumba. Wa tatu akijulikana, baba anafukuzwa kazi, mama anapelekwa kufungwa kizazi. Kwa hiyo Kitinda aliishi chumba cha nyuma, na majirani walijua tuko wawili, mimi na kaka yangu.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Kabla Kitinda hajatembea vizuri alishamfundisha: cherehani ikilia, cheka, imba, lia ukitaka; ikinyamaza, nyamaza. Siku zisizo na kazi mama aliikanyaga tupu, bila uzi wala kitambaa, ili mtoto apate kucheza.

"Fundi, wewe na hiyo mashine mmefunga ndoa?" jirani alimtania.

"Hii angalau hainuni," mama alijibu.

Siku moja Kitinda aliamka na homa. Mama alimpa dawa, akamlaza, akaanza kushona. Homa haikushuka. Tulimngoja baba arudi ampeleke kwa muuguzi mmoja mwenye kifua, asiyetoa siri za watu.

Kabla baba hajafika, akaingia mke wa afisa wa uzazi, yule aliyekagua mtaa wetu. Gauni lake lilimbana.

"Sijanenepa, fundi. Kitambaa ndicho kimerudi."

"Vitambaa vya siku hizi havina adabu, mama. Livue, uniachie, nitakuletea kesho."

"Kesho ndiyo harusi ya mdogo wangu! Siondoki bila gauni."

Mama akatoa miguu kwenye cherehani. Kufumua na kupimia mwilini ni kazi ya mkono. Akafumua ubavuni, akabana pini, akafumua tena. Nikanyanyuka niende nyuma.

"Binti, wapi? Njoo unishikie pindo, mama yako ana mikono miwili tu."

Nikalishika. Mama alinitazama, kisha akazitazama pini zake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, nasi tukaushukuru ukimya ule. Tulidhani amelala.

Gauni lilimaliziwa kwa sindano ya mkono, likiwa mwilini. Mgeni alipotoka nalo, mama alikimbia nyuma, pini bado zi mdomoni. Kitinda alikuwa ameshindilia pembe ya blanketi kinywani, ameiuma. Degedege lilimkuta hivyo. Mwili ulikuwa bado una joto.

Hatukuweka msiba. Asiyejulikana kuzaliwa, nani atampa pole mama yake? Baba alimzika uani, tulipoanikia nguo. Kesho yake wateja walikuja, mama akawapima.

Miaka ikapita, sheria ikageuka. Redioni wakasema watu wamepungua, zaeni. Kwenye ukuta wa ofisi walipaka rangi juu ya WAWILI WANATOSHA, lakini mvua ikinyesha maandishi hujitokeza. Mke wa afisa akaja tena, sasa bibi, na kitambaa cha mjukuu wa tatu.

"Laiti sheria hii ingekuwako enzi zako, fundi. Ungeongeza japo mmoja."

"Nilimwongeza."

Akacheka. "Acha utani. Yuko wapi?"

Mama akamwonyesha uani kupitia dirishani. "Siku ile ya gauni la harusi alikuwa chumba cha nyuma, anaumwa."

Yule bibi akatafuta kiti, akakaa. Akauliza kwa kunong'ona mtoto aliitwa nani. Mama akalitaja jina lake kamili, kwa sauti ya kawaida, mlango wa mtaani ukiwa wazi na watu wakipita.