Chupa Tupu Ndiyo Kali

Binti wa dada yangu akiingia siku zake, hulala bafuni kwa sababu vigae ni baridi. Hutapika, hujikunja, huuma taulo asipige kelele. Mwezi uliopita alizimia darasani. Sasa mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakuja, na siku zake zingeangukia humo humo.

"Mama, nipeleke hospitali."

"Wakakujaze makemikali? Tuna daktari wetu."

Daktari wao mimi nilimwita Bwana Matone. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la viatu, na ukutani palikuwa na cheti chenye mihuri mingi kuliko maneno. Sipendi kumsema mtu kabla sijamwona kazini, kwa hiyo nilikwenda nao nikakaa, nikamtazama. Alitia tone la dawa ya mmea kwenye chupa ya maji, akaigonga chupa juu ya mto wa ngozi. Akachukua tone la maji hayo, akalitia kwenye chupa nyingine, akagonga tena. Aliendelea hivyo mpaka mkono ukamchoka. Akanieleza kwa upole kwamba kadiri dawa inavyopungua ndivyo nguvu zake zinavyozidi. Mwisho akadondosha yale maji kwenye vidonge vya sukari.

Alimwuliza dada kama mtoto hupenda dirisha wazi, na kama huota nyoka. Tumbo hakuligusa. Mwenye tumbo hakumwuliza neno.

Vidonge vya maumivu alivipiga marufuku, eti vinaua dawa. Maumivu yalipozidi mwezi uliopita, alifurahi: dawa imeanza kazi. Yangepungua, angefurahi vilevile. Kazi ya namna hiyo, hata mimi ningeiweza.

Jumamosi mama yetu, ambaye kwa vitu vitamu hana breki, aliikuta chupa ya vidonge mezani akaimaliza.

"Mama! Umekula dawa yote ya mtoto!"

"Kumbe dawa? Nami nashangaa, peremende gani hizi hazina hata ladha ya ndimu."

Dada alitukokota wote hadi kwa Bwana Matone, jasho likimtoka. Yeye alicheka.

"Haina madhara kabisa. Hata angekula ndoo."

"Na mtoto je? Siku zake ni kesho kutwa, na mtihani ndio huo!"

"Ondoa shaka. Chupa imebaki na vumbi lake. Ijaze maji, itikise. Itakuwa kali kuliko ya kwanza."

Mama akashika kiuno. "Yaani maji ya kuoshea chombo ndiyo dawa? Maskini mimi, nimemwaga utajiri maisha yangu yote!"

"Basi na mimi," binti akasema, "karatasi ya mtihani nitaiacha tupu. Nitaitikisa tu, nimpe msimamizi. Nitakuwa wa kwanza."

"Mnaona hasira hizo?" alisema Bwana Matone. "Dawa inafanya kazi."

Dada aliitazama ile chupa mkononi.

"Daktari, kama chupa nzima haikumfanya mama chochote, vidonge viwili vitamfanya nini mwanangu?"

"Hiyo ni siri ya maumbile."

"Siri," alisema dada. Akaiweka chupa mezani, akamshika binti yake mkono, wakashuka ngazi.

Hospitalini, daktari alimwomba dada anyamaze kidogo, kisha akamwuliza binti mwenyewe panauma wapi, tangu lini, namna gani. Binti aliongea mpaka akalia. Alipewa vidonge vya maumivu, aanze kumeza mapema, kabla maumivu hayajakolea, baada ya kula, na tarehe ya kupigwa picha ya tumbo, ijulikane kama kuna jambo zaidi.

Siku ya mtihani wa hesabu alikuwa katika siku zake. Tumbo liliuma, lakini kwa kiasi cha kuvumilika. Alijaza karatasi yote, akarudi nyumbani akiuliza chakula kiko wapi.

Baadaye Bwana Matone alimkuta dada barabarani. "Umeona? Dawa yangu huchelewa, lakini hufika."

Dada alimpita, akaingia duka la dawa kununua vidonge vya mwezi unaofuata.