Dole la Meya

"Cherehani yako imepita na sufuria yangu!" Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Maharage yameshaungwa, yanangoja kuepuliwa tu. Nageuka kuchukua chumvi, narudi, sufuria haipo!"

"Na mimi je?" Fundi, mshonaji wa nyumba ya juu yake, alimwonyesha kipande cha kamba. "Niliifunga mlangoni tangu asubuhi. Kamba imekatika. Unadhani nimeituma?"

"Ungefunga mnyororo, shoga. Wenzako wote tunafunga minyororo."

"Wenzangu wote wana waume wauza vyuma."

Majirani waliotoka kusikiliza walicheka. Mama Pacha naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Mtaa ulikuwa umeinama tangu mwenye bucha alipoapishwa kuwa meya. Enzi za bucha alikuwa na mazoea ya kulaza dole gumba kwenye mizani, taratibu, huku akikuuliza mama hajambo. Kila mteja alijua. Ndiyo maana walimchagua: kila mmoja aliamini kwamba safari hii dole litalemea upande wake. Watu wazima, wenye meno yote.

Ofisini alikuta ramani ya mji imetandazwa chini ya kioo cha meza. Akawa anasikiliza shida za watu huku dole limelala pale ilipochorwa nyumba yake. Mji ukadidimia upande huo. Maji ya bomba yalitangulia kwenda, yakafuatwa na ndoo, viti na kuku. Mhandisi wa jiji alikuja na chombo chake cha kupimia, akakiweka chini, kikabingirika hadi kwa meya. Akaandika kwamba mji umenyooka, wakazi ndio wanaosimama vibaya. Akapandishwa cheo, akahamia huko huko chini.

Fundi alijifunga khanga vizuri akateremka. Sare za wanafunzi zilikuwa zinatakiwa Jumatatu, na bila cherehani ile hakuwa na kazi nyingine yoyote duniani.

Geti la meya halikuwa na komeo. Mtu ambaye kila kitu kinamjia chenyewe, afunge ya nini? Uani palijaa mabeseni, magodoro, na mlango mzima wa duka la mtu. Cherehani ilikuwa imeegemea ukuta, kitambaa cha sare bado kiko chini ya sindano.

Meya alikuwa mezani, anangoja kuletewa chakula.

"Dada yangu! Mama hajambo?"

"Mama alishafariki, mheshimiwa. Ulikuja mazishini."

"Pole sana. Nilihutubia?"

"Ulihutubia."

"Afadhali."

"Nimefuata cherehani yangu."

"Chukua! Mimi nimewahi kumnyang'anya mtu kitu?"

Fundi aliivuta mpaka getini. Alipoiachia apumue, ikateleza ikarudi ukutani, mahali pale pale. Akaivuta tena, ikarudi tena. Meya alimtazama kwa huruma ya kweli, kama alivyokuwa akiwatazama waliolalamika kwamba kilo yake haitoshi.

"Unaona? Imepapenda. Basi uwe unakuja kushonea hapa. Kuna joho langu linanibana mabegani, anza na hilo."

"Na sare za watoto?"

"Ukimaliza joho."

Mke wa meya akatoka jikoni na sufuria ya maharage, mkono wa sufuria umefungwa waya. Fundi aliujua waya ule. Yeye ndiye aliyemfungia Mama Pacha.

"Achana na vyuma, shoga, chakula kinapoa," mke wa meya akamwambia.

Meya akapakua mwenyewe. Alimshikia Fundi sahani, dole limelala ukingoni, na maharage yakajikusanya yote upande wa dole. Kisha akamvutia kiti. Kilikuwa kiti cha Fundi, kilichoteleza wiki iliyopita.

"Karibu," akasema. "Keti ule. Hapa ni kwako."