Ndege Aliyelala Pajani mwa Inshirahi

Wagdi, fundi umeme mstaafu wa Baltimu, pwani ya Misri, hakuwahi kumchukua mkewe kwenda kupiga picha za ndege. Kila Septemba, joto linapoanza kulegea na ndege wa Ulaya wanapotua pwani wakiwa hoi baada ya kuvuka bahari, aliondoka alfajiri peke yake, na Inshirahi akabaki nyumbani na binti yao, Samah. Lakini mwaka huu Samah aliolewa, akahamia Aswani, mbali kusini, na nyumba ikapwaya. Ijumaa moja Wagdi akamkuta mkewe keshakaa garini, mfuko wa mkate na jibini miguuni.

"Twende basi," Inshirahi alisema. "Au hao ndege wako hawataki wageni?"

Walitaka wageni wanaonyamaza, na Inshirahi hakuumbiwa kunyamaza. Kule kwenye matuta ya mchanga, kila Wagdi alipoinamia kamera, sauti ilimjia kisogoni. Chai atakunywa sasa au baadaye? Zile nyavu za kunasia tombo pale ufukweni ni za nani, hawaoni haya? Samah atakuwa ameamka? Hua wawili waliokuwa wametua karibu wakapaa.

"Mama Samah, nakuomba, hebu funga mdomo kidogo!"

Maneno yalitoka makali kuliko alivyokusudia. Inshirahi akakunja mkeka wake, akaenda kukaa kivulini mwa kichaka, akampa mgongo.

Sasa kulikuwa kimya, na Wagdi hakukifurahia. Alipiga picha mbili tatu zisizo na maana, kisha akaita, "Nikumiminie chai?" Hakujibiwa. "Umenuna?" Kimya. Akaiacha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaenda kumtaka radhi.

Inshirahi aliinua kidole kimoja tu. Pajani mwake, kwenye mkunjo wa gauni, alikuwa amejikunyata ndege mdogo wa rangi ya kijani iliyopauka, macho yakifumba na kufumbuka.

"Nilete kamera?" Wagdi alinong'ona.

"Thubutu! Ulete lile bomba lako afe kwa hofu?" Midomo yake haikusogea. "Mgongo unaniua, Wagdi. Nikijinyoosha ataruka."

Wagdi akazunguka polepole, akaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Inshirahi akamwegemea kwa uzito wake wote, akashusha pumzi. Wagdi sasa alikuwa ameelekea mchangani. Hata unyoya wa ndege hakuuona.

"Anafanya nini?"

"Amelala."

"Miguu yake rangi gani? Ikiwa myeusi, huyo ni aina nyingine."

"Miguu ya ndege. Nyamaza wewe."

Akacheka bila sauti. Wagdi alikisikia kicheko mgongoni mwake. Kisha kikakoma.

"Jana kwenye simu Samah alisema ameshakula," Inshirahi alisema. "Alidanganya. Namjua."

"Mumewe anajua kupika."

"Anajua kuchemsha mayai."

Wagdi akakaa akiutazama mchanga. Tangu harusi hakuwa amelitaja jina la binti yake pasipo kuulizwa.

"Basi twende tukamwone," alisema. "Wiki ijayo tupande treni."

"Wiki ijayo? Katikati ya msimu wako?"

"Wiki ijayo."

Inshirahi alipeleka mkono nyuma taratibu, akaushika mkono wa mumewe, na wakabaki hivyo mpaka jua likawafikia. Hapo ndege akajikung'uta, akarukia kichakani, akadonoa mdudu, akaenda zake.

"Mzima!" Inshirahi alipiga kelele. "Baba Samah, anaruka mzima kabisa!"

Kusimama ndiko kulikomshinda. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Wagdi akamnyanyua, wakakokotana hadi barabarani, yeye akichechemea na kucheka, mumewe akimshika kiuno kama walipokuwa wachumba. Walipofika kwenye gari Inshirahi akajipiga paji la uso.

"Baba Samah! Umemtelekeza mke mwenzangu kule mchangani!"

Wagdi akajitazama kifuani, mikononi. Kamera! Akatoka mbio. Baada ya hatua chache akasimama, akarudi, akamfungulia mkewe mlango na kumkalisha vizuri, mguu wenye ganzi mwisho, ndipo akaifuata.