Pindo la Kifungo

Siku moja kabla mama yangu hajarudi kwake, niligundua kwamba mwanangu amefupika.

Mimi ni fundi cherehani. Mtoto tunamwita Kifungo, kwa jinsi alivyo wa mviringo, na huwa nampima kwa utepe uleule ninaowapimia wateja. Wiki ya tatu niliandika daftarini: 55. Leo, wiki ya tano, ni 54. Nikapima tena. 54. Kifungo akapiga chafya, akanitazama kama mteja aliyecheleweshewa suti.

"Mama," niliita, "mtoto amepungua."

"Amepungua nini, na mashavu hayo?"

"Urefu."

Mama aliacha kupanga begi lake. "Mtoto si sweta, mwanangu. Hapungui kwa kufuliwa."

Lakini begi hakulifunga, na hilo ndilo lililoniuma. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akiona naweza kulea mwenyewe, ataondoka kesho. Akiona siwezi, ataahirisha safari kwa mara ya tatu. Nilitaka sana aone naweza, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaona.

Tukaenda kliniki. Nesi alimvua Kifungo nguo, akamlaza kwenye ubao wa kupimia, akamnyoosha magoti taratibu.

"Hamsini na nne. Anakua vizuri, mama. Ulitaka awe mlingoti?"

"Lakini wiki mbili zilizopita alikuwa hamsini na tano!"

"Alipimwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulimpimaje? Hebu nieleze."

"Utosini hadi kisiginoni, halafu nikaongeza tatu za..."

"Tatu za nini?"

"Za pindo," nilisema, nikiomba ardhi ipasuke. Mkono umezoea, kila nguo huiongezea sentimita tatu za kukunja. Leo, kwa usingizi tu, nilisahau kuongeza.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Mama alijifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yakamsaliti.

Kifungo, aliyeachwa uchi ubaoni huku watu wazima wakicheka, akaangua kilio. Mama akanyoosha mikono kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshamnyanyua. Nilimweka bega la kushoto, pale ninapotundika utepe siku zote, nikawa nampapasa mgongo na kumnong'oneza kipimo chake halali: hamsini na nne, baba, hamsini na nne. Akacheua. Maziwa yakanitiririka mgongoni, naye akanyamaza.

Mikono ya mama ilibaki hewani kidogo, kisha akaitumia kunifuta yale maziwa.

"Haya," alisema. "Kesho asubuhi naondoka."

"Kweli unaniacha? Mimi niliyempima mtoto na pindo?"

"Wewe ulipata wasiwasi ukaja kuuliza. Mimi nilikufunga nepi nyuma mbele mwezi mzima, wala sikumuuliza mtu."

Nyumbani, zipu ya begi lake iligoma. Aliivuta, akaisema, akaivuta tena. Nikachukua kipande cha sabuni, Kifungo akiwa amelala begani, nikaipaka kwa mkono mmoja. Ikateleza mpaka mwisho.